ULIZA FUNDI: Mashine ya saileji ikiingia kwenye miti

Jamani mwezi huu mmenikomesha. Barua karibu zote ni vibanzi, vibanzi, vibanzi. Kwa ambaye amefungua gazeti leo hajui tunaongelea nini, vibanzi ni mti mzima uliokatwakatwa vipande vidogo, urefu wa sentimita moja hadi nne na kitu, unachomwa kwenye boila badala ya makaa ya mawe au mafuta. Na wenye mashine za kuvunia wameanza kuviangalia kwa jicho la tamaa, maana mashine kubwa kama ile inafanya kazi wiki chache alafu inalala bandani mwaka mzima ikila riba ya mkopo. Barua zilizofanana nimeziunganisha, na matusi ya kwenye barua mbili nimeyaondoa.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina kombaini ya zamani ila injini yake nzima kabisa. Pembeni ya shamba nina miti imechipuka vizuri, unene kama kifundo cha mkono. Rafiki yangu anasema nikibadilisha sehemu ya mbele tu napata vibanzi, si ina ile ya kukatakata mabua kule nyuma? Mkulima wa ngano.

JIBU: Marahaba. Hapana.

Nisikuache hewani lakini. Kombaini kazi yake ni kupura, yaani kutenganisha punje na bua, ndo maana ndani ina dramu ya kupura na lile zulia la chuma chini yake, ina machekecheo, ina feni ya kupepeta, vyote vimepimwa kwa kitu chepesi. Hicho kikatio cha nyuma unachokisema ni visu vyembamba vinavyopiga majani makavu, ukikipelekea mti wa mita sita wenye unene wa kifundo visu vitaruka kama njiti, na kabla mti haujafika huko utakuwa umeshang'oa mnyororo wa kupandishia na kupinda dramu. Nimeona mtu kajaribu. Alikaa wiki tatu anachomoa vipande kwenye machekecheo.

Mashine unayoitaka wewe ni binamu yake, ile ya kukata malisho ya saileji (yale majani mabichi yanayovundikwa kwa ajili ya ng'ombe), ile inayomeza mahindi mabichi mazima mazima na kuyatema kwenye trela. Ile imezaliwa kukata vitu vipande vipande, ina dramu nzito yenye visu, ina rola za kulisha zenye nguvu, ina bomba la kutupia. Kombaini yako ikitaka sana kuingia kwenye biashara ya nishati iache ivune nafaka, alafu ukusanye magunzi au makapi yanayotoka nyuma, hayo yanaungua vizuri tu na hakuna haja ya kuchomelea kitu chochote.

SWALI: Fundi, mimi nina hiyo ya malisho, ya kujiendesha yenyewe, nguvu farasi 450. Nataka nipande miti ya kuchipuka nivune kila baada ya miaka mitatu. Nibadilishe nini na nini? Niambie kila kitu usinifiche. Mfugaji.

JIBU: Hapa ndo tukae vizuri kaka.

Kwanza ujue hauanzi sifuri. Sweden walianza hii habari ya mierebi ya kuchoma (miti ya nchi za baridi, ukiikata inachipuka tena) baada ya ile misukosuko ya mafuta ya miaka ya 1970, na kufikia miaka ya 1990 Claas wa Ujerumani walikuwa wameshatoa heda ya misumeno, yaani kile kikatio cha kufunga mbele, kwa ajili ya Jaguar, mashine yao ya malisho. Baadaye New Holland wakaja na ya kwao inaitwa 130FB, sehemu ya majaribio wakaifanya kwenye mierebi kule New York, na Krone wana WoodCut 1500. Kwaiyo ushauri wangu wa kwanza ni usijaribu kuchomelea misumeno kwenye heda yako ya mahindi. Tafuta heda ya kazi hiyo, hata iliyotumika, hata ya kukodi. Nguvu zako zote weka kwenye sehemu nyingine nitakazozitaja.

Heda yenyewe inafanya kazi hivi. Ina misumeno duara miwili mikubwa inayozunguka kwa kuelekeana, inapita chini kabisa, kisiki kinabaki kama sentimita 10 hivi. Juu kuna chuma kirefu kinausukuma mti uinamie mbele wakati msumeno unakata kitako, basi mti ukikatika kitako chake ndo kinaingia kwanza kwenye rola, kilele kinafuata. Watu wanadhani hilo ni jambo dogo. Ukiingiza kilele kwanza matawi yanafunguka kama mwavuli na mashine inakabwa, ukiingiza kitako kwanza matawi yanajifunga yenyewe. Mti wa unene wa sentimita 10 unaingia bila maneno, watengenezaji wengine wanasema hadi 15, mimi nakwambia ukizidi 12 mara kwa mara utaanza kujuana na duka la vipuri.

Sasa ndani. Kitu cha kwanza kutoa ni zile rola za kuponda punje, kama mashine yako inazo. Mti hauna punje. Weka lile bomba la kupitishia majani badala yake, mashine nyingi linakuja nalo na liko bandani kwako limejaa vumbi.

Cha pili, visu. Hapa nakuomba penseli. Dramu yako tuseme inazunguka mara 1,200 kwa dakika, yaani mara 20 kwa sekunde, na ina visu 24 vilivyopangwa kwa safu mbili, kwaiyo kila mzunguko mti unakatwa mara 12. Hiyo ni mikato 240 kwa sekunde. Rola zikilisha mita 2.4 kwa sekunde unapata kipande cha milimita 10. Hiyo kwa ng'ombe ni safi, kwa boila nyingi ni kidogo mno. Toa nusu ya visu, unapata milimita 20. Toa tena nusu, milimita 40. Kwaiyo urefu wa kibanzi unauchagua kwa spana tu, pamoja na kasi ya rola.

Ila kuna mambo mawili hawakuambii kwenye hiyo hesabu. Visu vinatolewa kwa kulinganisha, kile cha huku na mwenzake wa upande wa pili, la sivyo dramu inayumba na beringi zinakufa ndani ya siku moja. Alafu visu vilivyobaki sasa kila kimoja kinang'ata kipande kinene mara mbili, bolti zake zinabeba mzigo mara mbili, na mti sio bua la mahindi. Kwaiyo bolti mpya, za daraja lilelile alilosema mtengenezaji, zikazwe kwa spana ya kupima, na uzipitie tena baada ya saa ya kwanza ya kazi. Sio kesho yake. Saa ya kwanza.

Cha tatu kile kisu tuli, yaani chuma ambacho visu vya dramu vinakatia juu yake. Nafasi kati yao iwe ndogo kadri kitabu cha mashine kinavyoruhusu, na unoe kwa lile jiwe la ndani mara nyingi kuliko ulivyozoea. Kisu butu kwenye mahindi kinakuletea saileji mbaya, kwenye mti kinakuletea nyuzi na kinakunywea dizeli.

Springi za rola za juu ziongezewe mgandamizo, mti unateleza. Bomba la kutupia na nyumba ya feni weka mabati ya kukinga, yale yanayobadilishika, vibanzi vinasugua kama msasa. Chini ya tumbo la mashine funika kila bomba la haidroliki na kila waya, maana visiki vinachungulia. Juu ya kioo cha mbele weka wavu wa chuma. Kitambua chuma usikizime hata kikikukera.

Nguvu farasi 450 zinatosha. Watu wanaanzia 400 na kuendelea, na mwendo shambani ni wa kutembea kwa miguu, kilomita 3 hadi 6 kwa saa, kutegemea na miti ilivyobanana. Na mpigie simu aliyekuuzia kabla hujafungua bolti ya kwanza, dhamana nyingi zinakufa siku unapoingiza mti.

Kuhusu kupanda, upangaji unafuata mashine. Wengi wanapanda mistari miwili miwili, sentimita 75 kati ya mistari pacha na mita 1.5 hadi pacha inayofuata, ili matairi yapite kwenye nafasi kubwa na heda ichukue pacha kwa mpigo mmoja. Ukipanda kwa jicho alafu ndo ukatafute heda, utajuta kwa miaka 20 na kitu, ndo umri wa shamba la namna hiyo.

SWALI: Nimefanya yote hayo, vibanzi vinatoka, naviona vizuri tu kwa macho. Ila mwenye boila kanirudishia trela mbili, anasema skrubu yake ya kulishia inakabwa kila usiku. Mi naona ananionea.

JIBU: Hakuonei.

Wewe unaangalia vile vipande vya kawaida, yeye anaumizwa na vile vichache virefu. Skrubu ya kulishia ya boila ndogo ina upana kama wa bakuli, kijiti kimoja cha sentimita 20 kikilala kwa mshazari kinashika vingine vitano na hapo pameziba. Trela zima linaweza kuwa zuri alafu likaharibiwa na konzi mbili za vijiti. Ndo maana kuna viwango, ISO 17225-4, vinaitwa P16S, P31S, P45S, na hiyo namba inasema milimita. P31S kwa mfano, angalau asilimia 60 ya uzito iwe kati ya milimita 3.15 na 31.5, alafu kuna mipaka ya unga, na kuna mipaka ya virefu. Muulize mwenye boila anataka ipi, na kama hajui muulize aliyemfungia boila. Hili lilitakiwa liwe swali lako la kwanza kabla hujanunua hata spana. Ningekuwa mimi ningeanzia kwenye mdomo wa boila nikirudi nyuma hadi shambani, watu wengi wanafanya kinyume kwasababu mashine ndo inayopendeza macho.

Sasa hivo virefu vinatoka wapi. Vingi ni vile vilele vyembamba, fito za unene wa penseli. Zinapoisha kwenye rola hakuna kinachozishika tena, zinavutwa na dramu zinaingia kwa urefu wake badala ya kukatwa kwa upana. Ukiwa na nafasi kubwa kwenye kisu tuli ni mbaya zaidi, zinapita zimekunjwa tu, hazijakatwa. Kwaiyo: noa, punguza nafasi, ongeza mgandamizo wa rola ya mwisho. Na usiende polepole mno, hili linawashangaza watu lakini miti ikiingia mingi kwa pamoja inashikana, ikiingia mmoja mmoja inacheza.

Gome nalo. Kuna miti gome lake linachunika kama kamba, mikaratusi inaongoza. Hiyo kamba haikatiki kwa kisu butu hata ufanyeje.

Ukishafanya hayo na bado, weka chekecheo pale unapopakulia. Virefu virudi kukatwa tena.

SWALI: Fundi naomba jibu haraka. Lundo langu la vibanzi linatoa moshi asubuhi. Nimeingiza mkono nimeutoa, pana joto. Nimwagie maji?

JIBU: Dada yangu, natumaini umeshapata msaada kabla gazeti halijafika. Mara nyingi ule wa asubuhi ni mvuke. Vibanzi vibichi ni nusu maji kwa uzito, mti wa mwerebi ukikatwa unakuwa na unyevu wa asilimia 50 hadi 55. Ukirundika, bakteria na ukungu wanaanza kula, wanahema, wanatoa joto, na ndani ya wiki moja au mbili katikati ya lundo panafika nyuzi 60 za Selsiasi bila kiberiti. Hapo mvuke unatoka juu. Lakini ikinuka kuungua, au sehemu imekuwa nyeusi, au joto linapanda tu halisimami, ita zimamoto na usipande juu ya lundo, linaweza kuwa limeshaliwa ndani likakumeza. Kumwagia maji juu juu hakusaidii, yanateleza, na sehemu yenye unyevu ikikutana na sehemu kavu ndo joto linazidi. Lundo linafunguliwa kwa mashine, kidogo kidogo, maji yakiwa tayari.

Kwa lundo lijalo: lisiwe refu mno, usilikanyage na trekta kama unavyofanya saileji (mazoea haya ndo yanawaponza wafugaji), usichanganye vibanzi vya zamani na vipya, unga mwingi uuondoe maana unaziba hewa. Na ukiligeuza vaa barakoa ya maana, sio kitambaa, lile vumbi jeupe ni mbegu za ukungu na mapafu hayalipendi.

Stoo iliyofungwa ndo mbaya kabisa. Mbao zikikaa humo taratibu zinakula oksijeni na kutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu. Mwaka 2006 bandari ya Helsingborg, Sweden, baharia alifia kwenye ngazi ya meli iliyobeba pelleti za mbao (vidonge vya unga wa mbao uliokandamizwa), alishuka tu kwenda kufanya kazi. Fungua, subiri hewa ipite, pima, ndo uingie, tena usiwe peke yako.

Umeuliza pia kwenye barua kama kukausha kunalipa. Hesabu yake ina mtego. Kilo moja ya vibanzi vya unyevu asilimia 50 inakupa kama megajuli 8, ikishuka hadi asilimia 30 inakupa 12. Unaona, nusu nzima imeongezeka! Lakini subiri, ile tani yako sahivi sio tani tena, maji yametoka, imebaki kama kilo 714. Ukizidisha unakuta lundo zima limetoka gigajuli 8 limefika 8.6 hivi. Faida ndogo. Na kama wakati linakauka bakteria wamekula sehemu ya tano ya mbao yenyewe, jambo linalowezekana kabisa kwa lundo la miezi kadhaa, umepoteza. Kinachosaidia kweli ni kwamba boila ndogo hazitaki kitu kibichi, zinazimika na kutoa moshi. Boila kubwa za kupasha joto miji zinachukua kibichi moja kwa moja kutoka shambani na hawana shida. Ukiuza, uza kwa tani kavu au kwa nishati, ukiuza kwa tani mbichi mmoja wenu ananunua maji.

SWALI: Nina ekari tatu tu za miti na trekta ya nguvu farasi 80. Haya mambo ya mashine kubwa yananihusu?

JIBU: Hayakuhusu, na ushukuru. Kata fito kwa msumeno wa mkono au wa mnyororo, zilaze kwenye chungu pembeni zikiwa nzima, hewa inapita katikati yake, msimu mmoja wa jua zinashuka hadi unyevu wa asilimia 30 hivi na hakuna kinachochemka. Alafu ndo unazipitisha kwenye mashine ndogo ya kukatia inayofungwa kwenye PTO ya trekta, ule mhimili wa nyuma unaozungusha mashine nyingine. Ya dramu au ya sahani zote zitafanya kazi, ya sahani inatoa vipande vinavyofanana zaidi, ya dramu inavumilia matawi yaliyopinda. Ukipata yenye kidhibiti cha kusimamisha rola injini inapoelemewa, chukua hiyo hata kama ni mzee kuliko wewe.

SWALI: Kwanini kila mtu anaongelea mashine ya malisho? Ya kuvuna miwa je? Muwa nao ni fimbo.

JIBU: Nimelipenda hili swali. Na limeshajaribiwa, ile Austoft ya miwa ilibadilishwa ikavuna mierebi Ulaya. Muwa na mwerebi vinafanana kwa umbo, mashine inakata chini, inaingiza kitako kwanza, inakatakata ndani na kupandisha kwenye trela. Tofauti ni kwamba haitoi vibanzi, inatoa vigogo vidogo vya urefu wa kidole au zaidi. Unaweza kusema hiyo ni kasoro. Mimi naona ndo uzuri wake, kwasababu vigogo vina nafasi kubwa kati yao, hewa inapita, havichemki kama lundo la yule dada hapo juu, vinakauka vyenyewe. Shida inakuja mwishoni, lazima uvikate tena kabla ya boila ndogo, kwaiyo umeongeza mashine ya pili na dizeli ya pili. Kama mnunuzi wako ana boila kubwa yenye mdomo mpana, inafaa kuangalia. Wapo pia Kanada waliochukua mashine ya kufunga marobota wakaiwekea kikatio mbele, inakata vichaka na kuvifunga duara. Robota la vijiti. Linakaa nje vizuri tu.

SWALI: Matairi manne yametoboka mavuno ya kwanza. Na visiki vingine havijachipua tena. Kuna laana?

JIBU: Laana hakuna, kuna msumeno butu. Kisiki kilichokatwa na msumeno mkali kinakuwa bapa na safi, kilichokatwa na butu kinapasuka na kubaki na mkuki juu. Mkuki huohuo unatoboa tairi, na ule mpasuko unaingiza maji na maradhi, kisiki kinaoza badala ya kuchipua. Kwaiyo matairi na machipukizi ni ugonjwa mmoja. Beba misumeno ya akiba shambani, badilisha mara uonapo nyuzi kwenye kisiki, usisubiri jioni.

Alafu angalia trela. Mara nyingi anayetoboka na kukanyaga visiki ni dereva wa trela anayekimbizana na bomba la kutupia, sio mvunaji. Matairi ya msituni ni ghali ila kwenye kazi hii yanajilipa. Vuna ardhi ikiwa ngumu, wakati wa ukavu au baridi kali, na kwa miti inayopukutisha vuna ikiwa haina majani. Majani yana chumvi na madini mengi, ukiyachoma yanaganda kwenye boila kama kioo, na ukiyaacha yaanguke shambani yanarudisha mbolea. Kwa mti usiopukutisha kama mkaratusi majani utakuja nayo, basi majivu yatakuwa mengi na mwenye boila ajue mapema.

SWALI: Naweza kupitisha mbao za nyumba iliyobomolewa?

JIBU: Misumari. Rangi. Hapana na hapana. Kitambua chuma kitasimamisha rola kila dakika mbili, na ule msumari mmoja kitakaoukosa utakula visu vyote. Rangi na dawa za mbao haziruhusiwi kuingia boila ya kawaida, moshi wake ni sumu na majivu yake huwezi kuyamwaga shambani.

SWALI: Shikamoo fundi. Mashine ikikabwa baba ananiambia niingie nivute kijiti kwa mkono, anasema rola zimesimama. Nina miaka 19, naendesha mwenyewe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe baba gazeti asome hapa.

Rola zikisimama dramu haijasimama. Ile dramu ni chuma kizito, ukizima inaendelea kuzunguka kwa muda mrefu, kimyakimya, na visu vyake huvioni. Alafu kuna kitu kingine kwenye miti ambacho kwenye mahindi hakipo, fito iliyobanwa inakuwa imejikunja kama upinde. Ukiigusa inafyatuka, au rola zinasogea robo mzunguko tu na mkono umeenda. Niliwahi kufanya kazi na mtu aliyepoteza vidole vitatu kwa namna hiyo, injini ikiwa imezimwa kabisa, ufunguo mfukoni kwake.

Rudisha rola nyuma kwanza kwa swichi, mara nyingi inatosha. Ikigoma, zima injini, toa ufunguo, subiri dramu isimame kabisa, funga ile pini ya kuizuia, alafu tumia ndoano ndefu. Na watu wote wakae mbali na mbele ya misumeno na mbali na bomba, jiwe au jino la msumeno linaruka mbali kuliko unavyodhani. Baba akisema unachelewesha kazi mwambie fundi kasema achelewe.

SWALI: La mwisho fundi, mashine moja inahitaji trela ngapi za kubebea vibanzi?

JIBU: Tuchukue mashine inayokata tani 40 za mbichi kwa saa. Vibanzi vibichi vina uzito wa kama kilo 300 kwa mita moja ya ujazo, ukigawanya ni mita za ujazo 133 kwa saa. Trela la mita 30 linajaa ndani ya dakika 13 na nusu. Kama kwenda kumwaga na kurudi ni dakika 40, unahitaji matatu barabarani na moja chini ya bomba, jumla manne. Ukiwa na mawili mashine yako ya nguvu farasi 450 itakuwa imesimama nusu ya siku ikiwasubiri, injini inanguruma. Punguza mwendo, au sogeza lundo karibu na shamba.